Safari ya Matibabu Ughaibuni na Swali la Wajibu

Safari ya matibabu nje ya nchi, ile isiyolipiwa na Serikali wala bima bali na mgonjwa mwenyewe, ukoo wake na watu wema, hubeba maswali mawili. La kwanza ni la daktari: je, tiba iko huko, na mwili wa mgonjwa utaistahimili? La pili halipimwi maabara. Je, mgonjwa ana wajibu wa kwenda? Na waliobaki nyumbani, je, wana wajibu wa kumpeleka hata zizi likibaki tupu? Swali hili la pili ndilo linalokesha katika vikao vya ukoo vya Nyakato, katika Manispaa ya Musoma, na vya majirani wa Bunda na Butiama. Ni swali la dini na falsafa, ingawa mara nyingi hufika kikaoni limevaa sura ya fedha.

Mgonjwa wa Nyakato huanzia karibu. Kutoka zahanati au kituo cha afya hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, humo humo Musoma. Ujenzi wa hospitali hiyo ulianza miaka ya 1970, ukasimama kwa miongo kadhaa, na kizazi kizima cha Mara kilikua kikipita kando ya kuta zisizo na wagonjwa. Ugonjwa ukizidi uwezo wa hapo, rufaa huenda Bugando, jijini Mwanza, hospitali ya kanda iliyo chini ya Kanisa Katoliki kwa ubia na Serikali. Baada ya Bugando ni Muhimbili, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete au Taasisi ya Saratani Ocean Road, zote za Dar es Salaam, au Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma. Baada ya hapo ni India. Serikali huwapeleka nje wagonjwa wanaopitishwa na jopo la madaktari. Asiyepitishwa, au asiyeweza kungoja zamu, hujitegemea.

India imekuwa jina la kawaida midomoni kwa sababu zinazoeleweka. Hospitali ya kwanza ya Apollo ilifunguliwa Chennai mwaka 1983, na mfumo wa hospitali kubwa za kulipia ukaenea nchini humo. Baadaye Serikali ya India ikaanzisha viza maalumu ya matibabu, na mwaka 2019 ndege za Air Tanzania zikaanza kwenda Mumbai moja kwa moja. Lakini kwa mtu wa Mara neno "nje" halina maana ya mbali sikuzote. Sirari, kwenye mpaka na Kenya, iko mlangoni. Mwenye shangazi Migori au binamu Kisumu huvuka mpaka kwa basi na kufika hospitali ya Kenya kabla mwenzake aliyekwenda Dar es Salaam hajamaliza nusu ya safari. Mipaka ya nchi na mipaka ya undugu haikuchorwa na kalamu moja, na jambo hilo lina uzito katika kuamua nani anamdai nani msaada.

Fedha hupatikana kwa njia zinazojulikana. Ukoo hukaa kikao na kuteua mwenyekiti na mweka hazina. Ng'ombe hupelekwa mnadani, kiwanja hutafutiwa mnunuzi, mwenye mtumbwi na nyavu hukopa kwa mali hiyo, na kikoba hutoa ilichonacho. Picha ya mgonjwa huzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na namba ya M-Pesa na jina litakalotokea. Waadventista hutangaziwa Jumamosi, Wakatoliki na Wamennonite Jumapili, na Waislamu baada ya swala ya Ijumaa. Vijana wa ukoo walioko Mwanza, Dar es Salaam au Marekani hupigiwa simu kwa majina. Hakuna aliye nje ya mchango, na hilo ni fahari ya jamii hii. Ni mzigo wake pia. Kwa Wakurya, na kwa jirani zao wengi, ng'ombe ni mahari. Ng'ombe sita wanaouzwa leo kwa ajili ya moyo wa baba mdogo ndio ambao wangemwozesha kijana mwaka ujao. Kijana huyo hukaa kimya kikaoni, kwa kuwa hakuna namna ya kutaja harusi mbele ya ugonjwa bila kuonekana hana utu.

Tanzania iliwahi kulijibu swali hili kwa sheria. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka msingi kwamba mahitaji makuu ya binadamu yasiwe chanzo cha faida ya wachache. Mwaka 1977 Bunge likapiga marufuku hospitali binafsi za kibiashara, likaziacha zile za mashirika ya dini, na ndiyo maana hospitali kama ya Wamennonite ya Shirati iliendelea kuhudumia watu wa Mara. Sheria hiyo ililegezwa mwaka 1991, na mwaka 1993 hospitali za umma nazo zikaanza kutoza ada. Nia ya mwaka 1977 ilikuwa ya haki, na inastahili heshima hata kwa wanaoona ilishindwa. Ilisema kwamba uhai wa mtu usiwe na bei. Haikuweza kusema ni nani atalipa gharama ambayo bado ipo. Bei iliyofukuzwa mlangoni ilibaki ikingoja ng'ambo, katika nchi ambazo hazikuwa na sheria kama hiyo.

Mara inakumbuka safari moja ya matibabu kuliko zote. Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliugua saratani ya damu, akapelekwa London mwaka 1999 na kufariki katika Hospitali ya St Thomas' tarehe 14 Oktoba. Tarehe 23 ya mwezi huo alizikwa Butiama. Safari ya kiongozi mstaafu wa nchi si ya michango ya simu, na haifai kulinganishwa na ya mvuvi wa Nyakato kwa upande wa gharama. Kwa upande mwingine inalingana nayo kabisa. Mtu aliyefia mbali hakukosea kwenda. Usahihi wa uamuzi wa kusafiri haupimwi kwa jinsi mgonjwa alivyorudi. Unapimwa kwa yale yaliyojulikana na yaliyotumainiwa siku ya kuondoka. Familia nyingi hujilaumu miaka mingi kwa kulichanganya jambo hili.

Wajibu wa mgonjwa ndio wa kuchunguzwa kwanza. Imani iliyozoeleka ni kwamba uhai ni amana ya Mungu, kwa hiyo mwenye amana hana ruhusa ya kuiachilia maadamu njia ya kuiokoa ipo popote duniani. Hoja hii ina nguvu, na wengi husafiri wakiwa dhaifu mno kwa kuogopa kuonekana wamejiua. Mapokeo ya Kikatoliki, ambayo yamelifanyia kazi swali hili kwa muda mrefu, hayakufika hapo. Katika karne ya 16, Francisco de Vitoria, mtawa wa Kidominiko aliyefundisha Salamanca, alijadili kama mtu hutenda dhambi asipotumia chakula bora kabisa au dawa za bei kubwa kabisa. Alijibu kwamba hatendi dhambi. Mtu anawajibika kuutunza uhai kwa vitu vya kawaida vya watu wa hali yake. Halazimiki kutoa mali yake yote, wala kuhamia mahali penye hewa njema zaidi. Waliofuata, akiwemo Domingo Báñez, walilitofautisha jambo hilo kwa majina yanayotumika hadi leo: njia za kawaida na njia zisizo za kawaida. Wanateolojia wa karne hizo waliihesabu safari ya kuiacha nchi ya mtu ili kutafuta afya kuwa miongoni mwa njia zisizo za kawaida.

Papa Pius XII aliyarudia mafundisho hayo mbele ya madaktari wa usingizi mwezi Novemba 1957, wakati mashine za kupumulia zilipoanza kuleta maswali mapya. Mwaka 1980 Vatikani ilitoa tamko lililotilia mkazo uwiano: uzito wa tiba, hatari yake na gharama yake, vikipimwa na tunda linalotarajiwa. Tamko hilo lilikwenda mbali kuliko wengi wanavyodhani. Lilikubali kwamba mgonjwa anaweza kukataa tiba ya namna hiyo hata kwa nia ya kutoitwisha familia yake au jamii gharama kubwa mno, na kukataa huko kusiitwe kujiua. Kwa mzee wa Butiama anayewaambia wanawe wasiuze shamba, maneno hayo ni kinga dhidi ya lawama.

Mpaka kati ya kawaida na isiyo ya kawaida haukai mahali pamoja. Mtoto wa Mara aliyezaliwa na tundu kwenye moyo miaka ya 1990 alikuwa na tumaini moja, kusafirishwa India kwa hisani. Lions Club na Dk. Rajni Kanabar wa Dar es Salaam waliwapeleka watoto wengi kwa njia hiyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilipoanza kazi mwaka 2015, upasuaji huo ulizidi kuwa jambo la Dar es Salaam. Figo ilipandikizwa Muhimbili kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Dodoma ikafuata mwaka 2018. Maana yake kimaadili ni kubwa. Kila wodi inayojengwa husogeza mpaka wa wajibu: lililokuwa sadaka ya ukoo mzima huwa haki ya kudaiwa, na mgonjwa aliyekuwa huru kulikataa huanza kulazimika kulikubali. Kujenga hospitali ni kubadili sheria ya dhamiri ya watu wa mahali pale, na hili ni jambo ambalo vitabu vya maadili huligusa kwa haraka mno.

Upande wa Uislamu, Mtume Muhammad aliwahimiza wafuasi wake watafute dawa, akifundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuteremsha tiba yake, isipokuwa uzee. Hata hivyo wanazuoni wengi wa fiqhi hawakuifanya tiba kuwa faradhi katika kila hali. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi Afrika Mashariki, huiona kuwa ni sunna inayopendekezwa. Baadhi ya Mahanbali waliona kuiacha kwa kumtegemea Mungu ni daraja la juu zaidi. Kisa kinachorejewa mara nyingi ni cha mwanamke aliyekuwa akianguka kwa kifafa, akamwomba Mtume dua. Alipewa hiari ya kuombewa apone au kusubiri kwa malipo ya Pepo, naye akachagua kusubiri, akaomba tu mwili wake usifunuke anapoanguka. Baraza la Fiqhi la Kimataifa la Jeddah lilipolijadili jambo hili mwaka 1992 lilisema tiba huwa wajibu pale ambapo kuiacha kunaelekea kuangamiza nafsi au kuwadhuru wengine, na hukumu hubadilika kadiri hali inavyobadilika. Neno la kuzingatia hapo ni "hali". Tiba iliyo na hakika na iliyo karibu ina hukumu moja, na tiba ya kubahatisha iliyo ng'ambo ya bahari, kwa deni, ina hukumu nyingine.

Kitabu cha Pili cha Wafalme kina kisa cha safari ya namna hii hasa. Naamani, jemadari wa Shamu, alikuwa na ukoma. Alisafiri kwenda Israeli na talanta 10 za fedha, vipande 6,000 vya dhahabu na mavazi 10, fedha yake mwenyewe, baada ya kijakazi aliyetekwa vitani kumwambia bibi yake habari za nabii. Alikwenda kwanza kwa mfalme, mlango usio wake. Alipofika kwa nabii huyo, Elisha, hakupokewa kwa heshima aliyoitarajia. Aliambiwa akaoge Yordani mara saba, akakasirika, kwa kuwa mito ya Dameski ilikuwa mizuri zaidi. Watumishi wake ndio waliomtuliza. Alipopona, Elisha alikataa malipo, na mtumishi wake Gehazi aliyekimbia nyuma ya msafara kuyaomba kwa hila akarithi ukoma ule. Wahubiri wanaokitumia kisa hiki kufundisha kwamba mtu abaki nyumbani na kuomba wanakinyosha kupita urefu wake. Naamani alisafiri, na maandiko hayamlaumu kwa kusafiri. Kinacholaumiwa ni kiburi kilichotaka uponyaji ulingane na ukubwa wa mfuko, na tamaa ya Gehazi iliyoifanya shida ya mgonjwa kuwa duka. Na habari iliyomponya ilitoka kwa mtu mdogo kuliko wote nyumbani, binti ambaye hakuna kikao cha ukoo kingempa nafasi ya kusema.

Baada ya wajibu wa mgonjwa kuna wajibu wa wengine. Msamaria wa Injili ya Luka alifunga majeraha ya mtu asiyemjua, akampeleka kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili, na kuahidi kumaliza deni atakaporudi. Huo ni mchango wa matibabu uliotolewa safarini, na kipimo chake ni cha kushangaza kwa usahihi wake: alitoa cha kutosha, akamwachia mtu wa kumwangalia, akarudi kwenye shughuli zake, akajifunga kurejea. Hakuuza punda.

Mwanafalsafa Peter Singer, katika makala yake ya mwaka 1972, alidai zaidi ya hapo. Kwake, anayepita kando ya mtoto anayezama bwawani na anayeacha kutoa msaada kwa mtu wa nchi ya mbali wana kosa moja, kwa kuwa umbali haupunguzi wajibu. Karibu na Ziwa Victoria mfano wa mtu anayezama hauhitaji kubuniwa, na nguvu yake inasikika. Ila mfano huo unamhusu mpitanjia mmoja na tendo moja. Mwanaukoo wa Nyakato hukutana na anayezama kila mwezi: leo figo, kesho saratani ya kizazi, keshokutwa mguu uliovunjika kwa bodaboda. Mwanafalsafa Ifeanyi Menkiti, Mnigeria, aliandika mwaka 1984 kwamba katika fikra za Kiafrika jamii ndiyo inayomfanya mtu kuwa mtu, hivyo wajibu kwa wenzake hutangulia haki zake. Kwame Gyekye wa Ghana alimjibu kwamba mtu ana akili na hiari yake, na jamii haiwezi kumeza kila kitu chake. Katika suala la matibabu Gyekye ana hoja nzito zaidi, na sababu yake inaonekana vizuri kwenye figo.

Sheria ya India ya mwaka 1994 kuhusu upandikizaji wa viungo ililenga kukomesha biashara ya figo, na mgonjwa anayekwenda kupandikizwa huko kwa kawaida huenda na ndugu wa karibu atakayemtolea. Wasafiri huwa wawili, na mmoja wao ni mzima. Kikao cha ukoo kinapouliza nani damu yake inalingana, macho humgeukia mdogo asiye na mke, asiye na kazi, ambaye amekula na kusomeshwa na mgonjwa. Utoaji wake ukiwa wa hiari, ni upendo usio na kifani. Ukiwa ni malipo ya ada ya shule, umekuwa kitu kingine, hata kama hakuna shilingi iliyobadilishana mikono. Daktari mwenye dhamiri huzungumza na mtoaji peke yake, wazee wakiwa nje ya chumba, na kumpa nafasi ya kukataa kwa siri. Wazee wa ukoo wanaweza kufanya vivyo hivyo, na wajibu huo ni wao kabla haujawa wa daktari.

Msaada hutoka pia kwa wageni wa mbali. Tarehe 6 Mei 2017 basi la wanafunzi wa shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Watoto watatu waliobaki hai walisafirishwa katikati ya mwezi huo hadi Sioux City, jimbo la Iowa, Marekani, kwa ndege ya shirika la Kikristo la Samaritan's Purse, wakatibiwa kwa hisani na kurudi Agosti wakitembea. Hakuna mwenye moyo aliyeuliza kama fedha zile zingetibu malaria ngapi. Hata hivyo swali lenyewe si la wasio na moyo. Mchumi Thomas Schelling alieleza mwaka 1968 jinsi watu wanavyotoa kwa wingi kumwokoa mmoja mwenye jina na uso, na kusita kutoa kwa ajili ya wengi wasiojulikana ambao wangeokolewa kwa fedha hiyo hiyo. Miaka 18 baadaye mtaalamu wa maadili ya tiba Albert Jonsen aliliita shurutisho hilo kanuni ya uokozi.

Kanda ya Ziwa ina mfano wake wa uchungu. Uvimbe wa taya wa watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutokana na kazi yake Mulago, Uganda, ni saratani inayokua haraka kuliko karibu zote, lakini ni miongoni mwa zile zinazokubali dawa vizuri zaidi zikiwahiwa, na dawa zake za msingi si za bei ya ndege. Mtoto anayefikishwa Bugando mapema ana tumaini la kweli. Anayechelewa kwa kukosa nauli ya basi hana picha inayozunguka kwenye simu, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba alikuwa wa kuokolewa. Kumlaumu anayechangia safari ya India kwa ajili ya mtoto huyu si haki: upendo hufuata uso, na mtu aliyekatazwa kumpa ndugu yake hatampa mgeni badala yake. Lakini jumuiya, iwe kanisa, msikiti au kikoba, haina udhuru huo wa uso. Yenyewe inaweza kuweka mfuko wa nauli za wasiojulikana, na gharama yake kwa mwaka inaweza kuwa ndogo kuliko tiketi moja ya kwenda Chennai.

Uhalali wa mchango hutegemea pia ukweli. Madalali wa matibabu hupata kamisheni kwa kila kichwa wanachopeleka, na mgonjwa mara nyingi hajui kwamba anayemshauri analipwa na hospitali anayoisifia. Huyo ni Gehazi. Familia nazo huficha: huwaambia wachangiaji kwamba operesheni itamponya mgonjwa wakati daktari amesema itamwongezea miezi, na huwaambia wagonjwa hivyo hivyo. Mwaka 2011 maelfu walimiminika Samunge, Loliondo, kutoka mikoa ya Ziwa, Kenya na kwingineko, kunywa kikombe cha dawa cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wengine waliacha dawa zao za hospitali, na baadhi walifariki. Wasomi waliwacheka. Ila kiu iliyowapeleka Loliondo ndiyo inayowapeleka wengine ughaibuni bila kuuliza daktari ni wangapi hupona: matumaini kwamba kilicho mbali kina nguvu kuliko kilicho karibu. Tofauti ni bei tu.

Fedha zilizochangwa ni amana, na hapa fiqhi imelieleza jambo kwa uwazi kuliko desturi. Mali iliyotolewa kwa jambo maalumu hubaki ya jambo hilo. Mgonjwa akifariki kabla ya kuondoka, au kiasi kikibaki, fedha hizo si urithi wa wanawe wala za kulipia mazishi ya kifahari. Hurudishwa kwa waliotoa, au kwa idhini yao huenda kwa mgonjwa mwingine. Simu huweka kumbukumbu ya kila aliyetuma, kwa hiyo udhuru wa kutojulikana umekwisha. Mchango si mkopo pia. Mgonjwa aliyepona hadaiwi na kijiji, na anayemkumbusha kila mara kwamba aliokolewa kwa ng'ombe wake ameifuta sadaka yake mwenyewe.

Anayefariki huko huacha swali la mwisho. Kusafirisha mwili hadi Musoma kunaweza kugharimu sawa na sehemu kubwa ya tiba yenyewe. Wanafiqhi wengi hupendelea Mwislamu azikwe haraka mahali alipofia, na ardhi yote ni ya Mungu. Kwa Wazanaki, Wajita, Waluo na Wakurya, kaburi la nyumbani ni sehemu ya amani ya waliobaki, na haja hiyo ni ya kweli. Lakini mgonjwa mwenyewe anaweza kuulizwa mapema, na akisema azikwe huko huko, neno lake liwe zito kuliko aibu ya ukoo.

Asiyekwenda hajaachwa. Kampala, mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji inayotengenezwa kwa gharama ndogo ikawawezesha wagonjwa wa saratani kufa nyumbani bila maumivu makali, wakiwa na akili zao na watu wao. Ocean Road nayo hutoa huduma hiyo kwa wagonjwa wake. Kumtafutia mzee dawa ya maumivu, kumpaka mafuta, kumletea padri au shehe na kukaa naye usiku ni matibabu kamili, na ukoo unaofanya hivyo umetimiza wajibu wake sawa na ule uliouza zizi.

Hukumu inayotoka katika mapokeo yote haya ni kwamba safari ya matibabu ya kujilipia ni halali na mara nyingine ni tendo kuu la upendo, lakini si faradhi kwa mgonjwa, na hakuna anayeruhusiwa kumtwisha safari hiyo kwa jina la Mungu. Wazee wa Nyakato, Bunda na Butiama watakapoitana tena kwa ajili ya mgonjwa, wamwombe daktari awaeleze matarajio bila kuyapamba, kisha waingie chumbani kwa mgonjwa na kumuuliza anataka nini. Wafanye hivyo kabla ya kuhesabu ng'ombe.